Daftari la Menengai

Asubuhi napima nyasi.
Nazikata ukingoni mwa kasoko, konzi moja, kopo moja,
naziweka kwenye mizani aliyoniazima Gathogo wa bucha
(bado inanuka mafuta ya mbuzi).
Gramu mia na ishirini.
Kisha tanuri la Nyakio, mkate ukishatoka.
Jioni napima tena:
mia na tisa.
Kilichotoroka ni maji. Kilichobaki ni kuni.

Watu husema moto ni kichaa.
Hapana. Moto ni mlafi mwenye desturi zake.
Hupenda kupanda;
mteremko ukisimama kidogo tu, huongeza mwendo maradufu,
maana ulimi umekwisha kuramba majani ya juu
kabla mguu haujafika.
Na kasoko nalo lina mapafu. Saa nne jua likipasha kuta
huanza kuvuta hewa juu, juu, hadi alasiri;
usiku huiachia irudi chini, baridi, polepole.
Anayejua saa za pumzi hiyo
amejua nusu ya safari ya moto.

Wageni hunipigia simu: kunaungua!
Ni mvuke wa ardhini, nawaambia,
mweupe, huyeyuka kabla ya kufika kimo cha mwewe.
Moshi wa nyasi ni wa kijivu, hauna haraka.
Moshi wa leleshwa ni mzito, una harufu ya dawa ya kifua.
Ukinusa huo, acha hesabu,
kimbia.

Jumanne ile ya Februari Chelimo aliita kwa redio:
mrina asali ameacha mwenge kwenye bonde la chini.
Nikatandaza ramani juu ya boneti ya gari.
Unyevu, mteremko, upepo; penseli ikachora
moto ambao bado haujafika,
mstari wa saa nane, mstari wa saa tisa,
na saa kumi na robo, pale kwenye ukanda tuliofyeka,
ungekosa chakula ukalala.
Nikawaambia watu wa upande wa pili:
mna saa mbili na zaidi. Fungueni ng'ombe bila papara.

Saa tisa kasorobo mabati ya Wamboi yalikuwa yanalia.

Sikuwa nimehesabu mikaratusi.
Magome yake hujichuna yenyewe, hunning'inia kama matambara;
yalishika moto, yakapaa.
Methali husema moto huzaa jivu.
Huu ulizaa moto, watoto wanne,
ng'ambo ya ukanda uliotugharimu siku tisa za panga na jembe.

Hakufa mtu. Naliandika hili kila mara, kwanza.
Kisha: zizi moja, mizinga kumi na mmoja,
ghala la Tirop na mahindi yake yote.

Wamboi alikuja siku ya tatu, viatu vimejaa masizi.
"Ulisema saa mbili."
"Nilisema."
"Ilikuwa nusu saa."
Nikamwonyesha daftari, mistari yangu iliyonyooka.
Hakuitazama. Akatazama miti.
"Gome linaruka umbali gani?"
Sikujua.
Basi tukatembea, kutoka kwenye shina lililoungua
hadi kwenye doa jeusi nyuma ya zizi lake;
yeye akihesabu kwa sauti, kwa hasira,
mimi nikiandika:
hatua mia tatu na arobaini.
Tukarudi, tukaenda kwenye doa la pili.
Mia mbili na tisini. Doa la tatu lilikuwa mbali zaidi,
akanyamaza kuhesabu katikati, tukaanza upya.

Leo konzi ya nyasi, mia na ishirini.
Baada ya tanuri, mia na nne.
Mawingu yako upande wa Bahati na hayana nia.
Wamboi ndiye anayeshika mizani siku hizi, anasema mkono wangu hutetemeka.
Kwenye ukurasa wa kesho nimeandika:
ukiwashwa chini saa saba, utafika juu saa tisa na nusu.
Yeye amechukua kalamu,
akaongeza pembeni, kwa herufi kubwa:
AU KABLA.